Injini Mpya na Masikio ya Baba

Zamani gari la baba lilisikika kabla halijaonekana. Bibi, mama yake baba, anakaa kijiji cha Buger, na nyumba yake iko juu, inatazama barabara upande wa pili wa bonde. Akisikia ule mngurumo ng'ambo, anainjika sufuria ya chai, na sisi tukifika chai imeshachemka. Hakuhitaji simu. Majirani nao walikuwa wakiondoa ndama barabarani kabla hatujakata kona.

Mimi mngurumo ule ulinitia aibu. Baba akinipeleka shule nilimwomba anishushe mbali kidogo na geti, nikimwambia nataka kutembea. Si kwamba nilimwonea haya yeye. Niliona haya kutazamwa, na gari lile lilifanya kila mtu ageuke. Mimi ni mtu wa kukaa dawati la nyuma. Hata jibu nikiwa nalo, silitoi, nasubiri mwingine alitoe halafu naumia moyoni kwamba lilikuwa langu.

Mwaka huu masika yalipokuwa yanaisha, injini ile ikafa. Silinda hedi, kile kifuniko chake cha juu, ilikuwa imeshapasuka, ikachomelewa, ikapasuka tena, na safari hii fundi aliitazama tu akatikisa kichwa.

Inabidi nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwetu. Baba ni dereva wa watalii mwenye gari lake mwenyewe. Madereva wa namna hiyo Karatu wamebaki wachache, wengi siku hizi wanaendesha magari ya kampuni na wanavaa mashati yenye nembo. Kuna lodge moja ndogo ya watalii nje ya mji ambayo humpa baba wageni wa kuwashusha kreta, lile shimo kubwa la wanyama. Meneja wake alisema wazi kwamba wageni wa Julai wakianza kufika na gari haliko tayari, atatafuta mtu mwingine. Watu walimwambia baba, basi si uombe kazi kampuni, una uzoefu wote huo. Baba alicheka na kubadilisha mazungumzo. Mama na mimi tulijua sababu, ingawa hatukuwahi kuitamka hata sisi kwa sisi. Kampuni zinapima madereva afya, macho na masikio. Na baba alikuwa hasikii vizuri.

Ilianza taratibu. Kwanza alikuwa akiongeza sauti ya taarifa ya habari. Halafu akawa anaangalia sana midomo ya watu. Halafu ikaja hii ya simu. Simu ikiita, anaitazama, ananipa mimi.

"Ongea naye. Mtandao mbaya."

Mtandao wetu hauna shida yoyote, mnara tunauona kutoka uani. Lakini nilipokea. Mimi niliyeshindwa kumjibu mwalimu nikawa mtu mzima kwenye simu ya baba: "Shikamoo. Baba yuko anaendesha, nimwambieje?" Na baba mwenyewe amekaa pale kwenye stuli anamenya muwa.

Kule kreta madereva huambiana kwa redio za magari wanyama wako wapi. Huzungumza kwa mafumbo ili mgeni asielewe akakasirika simba akiwa ameshaondoka. Simba wanamtaja kwa sharubu zake, chui kwa madoa yake. Baba aliacha kujibu redio. Wenzake wakasema mzee amekuwa na maringo. Kumbe alikuwa amejifunza njia yake, anatazama swala wamegeuzia wapi shingo na ndege wanazunguka wapi, na anafika. Wageni walimpenda kwa hilo. Mimi nilijua ni kwa sababu redio kwake ilikuwa mvumo tu.

Injini nyingine ilipatikana Arusha, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Ilikuwa ya dizeli kama yetu lakini ya miaka ya karibuni, yenye tabo ya kuiongezea nguvu, na baba alichagua ambayo pampu yake ni ya chuma, haiongozwi na kompyuta. "Ikinigomea chini kule, kompyuta nitaipelekea nani, nyati?" alisema.

Ilikuwa likizo ya Juni, na kila asubuhi mama aliniambia, "Nenda na baba yako gereji." Hakusema kwa nini. Nilibeba chupa ya chai na mihogo, nikakaa juu ya tairi. Fundi alikuwa mtu wa Singida, mnene, mwenye maneno mengi kuliko spana zake. Alinikaribisha siku ya kwanza hivi:

"Huyu binti anaongea kweli, mzee, au na yeye tumfanyie sevisi?"

Baba alicheka. Nadhani alicheka kwa sababu fundi alicheka.

Injini ya zamani ilining'inizwa kwa cheni kwenye boriti ya mkaratusi, ikatoka taratibu inadondosha oili, ikawekwa chini. Baba alichukua tambara akaifuta. Fundi akamwambia, "Mzee, hiyo inakwenda kwenye chuma chakavu, unaifutia nini?" Baba akaendelea kufuta mpaka namba zake zikaonekana.

Kuiingiza ile nyingine haikuwa kazi ya kufungua na kufunga. Matundu yake hayakulingana na ya giaboksi, ikabidi bamba la chuma lichongwe la kuziunganisha. Rejeta ilikuwa ndogo, ikatafutwa kubwa. Viti vya injini, yaani zile sehemu inapokalia kwenye chesisi, vilikatwa na kuchomelewa upya. Kisha ikakaa, ikaenea vizuri, na boneti ikakataa kufunga. Injini ilikuwa ndefu kwa juu.

"Tutoboe boneti," fundi alisema. "Tuweke kinundu hapo juu. Magari mengi yanafanywa hivyo."

"Gari langu halitobolewi kichwa," baba alisema. Hilo alilisikia vizuri sana.

"Basi niishushe."

"Ishushe."

Fundi akakata viti tena, akaishusha injini, boneti ikafunga kwa mlio mzuri. Shida ya kuishusha ni kwamba chini ya injini kuna sampu, bakuli la oili, na chini ya sampu kuna difu ya mbele, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli. Fundi alilala chali akaingiza vidole katikati yao. "Vinapita," alisema. Baba naye akalala, akaingiza vya kwake, vikapita. Wakapeana mikono wakiwa bado wamelala chini, wote wawili wamejaa vumbi jekundu mgongoni.

Halafu wakaiwasha. Ilizunguka kidogo, ikashika, na nikashangaa. Niliweza kusikia kuku wa jirani na huku gari linanguruma.

Hapa Karatu fundi au dereva wa zamani akitaka kujua hali ya injini, huchukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaubana kwenye mfupa wa sikio. Inasemekana unasikia kila kitu ndani, nozeli inayochelewa kumwaga dizeli, beringi inayolia. Baba alijulikana kwa hilo. Zamani madereva wengine walikuwa wakileta magari yao nyumbani, na baba anainama, anasikiliza, anasema, "Nozeli ya tatu," na kweli inakuwa ya tatu. Kwa hiyo fundi alimpa bisibisi kwa heshima, kama mtu anayempa mgeni rasmi mkasi wa kukata utepe.

"Daktari, mgonjwa huyo."

Baba aliinama. Aligusa hapa, akagusa pale. Alikaa muda mrefu mahali pamoja, amefumba macho. Wale vijana wa gereji waliacha kazi wakamtazama. Nilimtazama pia, na nikaona anabana mpini kwa nguvu mpaka sikio likawa jekundu.

"Safi," alisema.

Wote wakafurahi. Mimi nilitazama kikombe changu.

Jumamosi tulikwenda Buger, baba, mama na mimi, kulijaribu. Baba aliendesha kama kijana. Milima ambayo gari la zamani lilikuwa likiipanda huku likihema na kutoa moshi, hili lilipanda tu. Mama alishika mlango kwa mazoea, kisha akauachia. Baba aligeuka kila mara akituambia, "Mnasikia lilivyo kimya?" Nami niliitikia, nikiwaza kwamba ule ukimya anaousikia yeye huenda si wa injini peke yake.

Tulifika kwa bibi, hakuna aliyetoka. Ndama walikuwa katikati ya njia na baba akapiga honi mara kadhaa. Bibi tulimkuta nyuma ya nyumba anachambua mbaazi, ametupa mgongo. Alipotuona alishtuka, kisha akachukia.

"Mmekuja kama wezi," alimwambia baba. "Mwanangu unaingia kwa mama yako bila kupiga hodi ya gari. Sasa mtakunywa nini? Maji hata sijainjika."

"Mama, hii injini mpya."

"Sasa mimi nitajuaje ni wewe?"

Baba alikuwa anamtazama midomo. "Utanizoea," alisema.

Tukasubiri chai. Sasa, gari haliondoki Buger tupu. Hilo halijadiliwi. Habari zilishafika kwamba baba anarudi mjini, na mpaka tunamaliza chai uwanja ulikuwa umejaa. Magunia ya mbaazi yalipanda juu kwenye keria. Nyuma waliingia akina mama waliokuwa wanakwenda kwenye harusi Karatu, mzee mmoja aliyesindikizwa hospitali na binti yake, kuku, na ndoo za maziwa. Mama akahamia nyuma kuzungumza na wenzake. Mimi nikabaki mbele na baba.

Tulianza kushuka. Ule mteremko wa kutoka kwa bibi ni mkali na mvua zilikuwa zimeuchimba. Kwenye shimo la kwanza baba alikanyaga breki, gari likainamisha pua, na chini ya miguu yangu nikasikia: ko.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amegonga sufuria kwa kijiko cha chuma mara moja. Nilimtazama baba. Alikuwa anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Shimo jingine, breki: ko. Nyuma akina mama walikuwa wanaimba nyimbo za bibi harusi na kucheka, na hata kama walisikia, gari la baba tangu zamani lilikuwa linagonga kila mahali, nani angejali.

Nilijua ni nini. Nilikuwa nimekaa juu ya lile tairi likizo nzima. Walipoingiza vidole gari lilikuwa tupu, liko mahali tambarare. Sasa lilikuwa na magunia juu na watu nyuma, na kwenye mteremko uzito wote ulikuja mbele, springi zikalala, na ile nafasi ya vidole ikaisha. Difu ilikuwa inapanda na kuipiga sampu. Ikiipasua, oili itamwagika yote, na injini itakufa hata kabla ya kufanya kazi siku moja. Na njia ya kushuka kreta ni hiyo hiyo, mteremko na wageni ndani, ila wenyewe ni mrefu kuliko huu wetu.

Ilinipasa nimwambie. Lakini baba nikisema kwa sauti ya kawaida hasikii, hasa kwenye gari. Ingebidi nipaze sauti: baba, kuna kitu kinagonga. Naye angesema nini? Ningepaza tena: kinagonga, husikii? Gari zima lingenyamaza. Miongoni mwa wale akina mama kulikuwa na mmoja ambaye mtoto wake anafanya kazi jikoni kwenye ile ile lodge. Mpaka jioni meneja angejua kwamba dereva wake wa kreta hasikii injini yake ikigongwa.

Kwa upande mwingine, kila shimo: ko.

Sikufikiri vizuri, nasema ukweli. Niliweka mkono wangu juu ya goti lake. Tulipoingia shimo linalofuata na ile sauti ikaja, nikagonga goti kwa kidole wakati ule ule. Baba alinitazama akatabasamu, akadhani namshangilia. Shimo jingine: ko, nikagonga. Akaacha mluzi. Shimo jingine, nikagonga. Hapo alitazama mkono wangu, akatazama barabara. Nadhani alilichagua shimo linalofuata makusudi, akaliingia polepole, akisubiri. Kidole changu kikashuka.

Akasimamisha gari.

"Kuna nini?" akina mama wakauliza.

"Nakagua tairi," baba alisema.

Alitelemka, nami nikatelemka. Tulilala wote wawili chini ya gari, kwenye vumbi. Juu ya difu palikuwa na kovu jipya, chuma kinang'aa kama sarafu. Juu yake sampu ilikuwa imebonyea, na pale ilipobonyea oili ilikuwa inatoka kama jasho. Haijawa tone bado. Baba aliipitishia kidole, akanusa.

Tulikaa pale chini kidogo. Juu yetu watu walikuwa wanacheka na kuku analia.

"Umeanza kuisikia wapi?" aliniuliza.

Nilimgeukia ili aone midomo yangu. "Toka kwa bibi."

Alitikisa kichwa. Alitoka, akawaambia akina mama kipande hiki cha mteremko ni kibaya, naomba mshuke mtembee mpaka pale tambarare. Walilalamika, mmoja akasema injini mpya yenyewe ndiyo hii ya kushusha watu, wengine wakamcheka, wakashuka. Yule mzee mgonjwa alibaki ndani. Tukateremka kama mtu anayebeba mayai, mkono wangu gotini kwake muda wote, na kidole changu hakikugonga tena isipokuwa mara moja, karibu na mwisho.

Tulipofika gereji, fundi hakukubali kwamba kosa ni lake. Alizunguka gari na mikono kiunoni.

"Mzee, si tulipima wote? Na si ulisikiliza mwenyewe kwa bisibisi ukasema safi? Daktari ni wewe."

Vijana wake walikuwa wanasikiliza. Nilidhani baba hajasikia swali. Nilitaka kujibu mimi, kama kwenye simu. Mdomo ulishafunguka.

"Sikusikia," baba alisema.

"Hukusikia nini?"

"Siku ile sikusikia kitu. Na leo sikusikia. Masikio yangu yameisha, fundi. Aliyesikia ni huyu."

Fundi alinitazama, akamtazama baba. Alikuwa na mzaha tayari, niliuona unakuja usoni pake, halafu akaumeza. Baba alikuwa ameshachukua ile bisibisi ndefu kwenye kisanduku na kunipa.

"Iwasheni," alisema. "Sikiliza wewe, mwanangu. Utuambie."

Watu wote walinitazama. Nilitamani kukimbia. Nikainama. Mpini ulikuwa wa mbao, umeng'aa kwa mikono ya watu. Niliubana kwenye mfupa, na ghafla nikawa ndani ya injini, mahali penye mvua kubwa juu ya bati. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Baba alinishika mkono akaisogeza ncha kutoka mahali hadi mahali, bila haraka, na nikaanza kuona kwamba kelele zile zinatofautiana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kunisemea.

"Ndani ni sawa," nilisema. "Nozeli zote zinalingana. Ni kule chini tu."

"Amesemaje?" baba akamuuliza fundi.

"Anasema ndani safi," fundi alijibu, kwa sauti kubwa, akimtazama usoni. Tangu siku ile fundi akawa anaongea hivyo na baba, bila kuelekezwa na mtu.

Injini ilinyanyuliwa tena. Vipande vya chuma vikawekwa chini ya viti vyake, sampu ikachomelewa, na safari hii fundi alijaza gari mifuko ya saruji ya jirani na vijana wake wote, wakaruka ruka ndani, yeye amelala chini na tochi. Na kweli, boneti haikufunga tena. Baba aliitazama kwa muda, akaizunguka, akasema, "Haya, toboeni." Sasa gari lina kinundu kichwani. Bibi anasema linafanana na ng'ombe wetu.

Jioni gari lilipokamilika, meneja wa lodge alipiga simu. Baba aliitazama simu, akanipa kama kawaida, nami nikapokea nikasema shikamoo, baba yuko... Baba akanigusa bega.

"Mwambie niko hapa. Mwambie gari liko tayari. Halafu mwambie simu siisikii vizuri, anitumie meseji. Na wageni wakitaka kusimama, wasiniite, waniguse bega."

Nilimtazama kuhakikisha. Akanionyesha kwa kidevu, sema. Nikasema yote hivyo hivyo. Neno moja tu la meneja lingetosha kumaliza kazi ya baba. Halafu nikamsikia anapumua.

"Macho yake je?"

"Macho yake ni mazuri kuliko ya mtu yeyote," nilisema. Hilo sikuwa nimetumwa.

"Haya. Nitampa hawa wa kwanza, tuone. Saa kumi na mbili asubuhi awe hapa."

Siku ilipofika sikwenda naye, wageni walijaza viti vyote. Siku ile niliosha vyombo, nikaviosha tena. Mama alipepeta mchele ambao ulikuwa safi. Tulikuwa tumezoea kumsikia baba anarudi tangu akiwa barabara kuu, na sasa hatukuwa na cha kusikiliza. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoona geti linasukumwa, na baba akaingia na gari limejaa vumbi jeupe la kule chini.

Hakusema kama wageni walifurahi, wala kama meneja atampa wengine, ingawa baadaye tulijua amepewa. Hakuzima injini. Alifungua boneti yenye kinundu, akanipa bisibisi, akasimama pembeni. Niliinama nikasikiliza moja baada ya nyingine, kama alivyonifundisha. Nilipoinua macho, baba hakuwa anaangalia injini. Alikuwa ananiangalia mimi usoni, jinsi alivyokuwa akiangalia geji za dashibodi gari likipanda mlima.